Sindano ya Dawa kwa Mifugo: Mambo Yampasayo Mfugaji Kuyajua

Katika nchi ya Kiambere, huko Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, jua ni kali na mvua ni haba. Watu hupanda mtama, uwele, kunde na ndengu. Lakini mwaka ambao mvua zimekosa, akiba ya nyumba ni mbuzi. Yeye ndiye karo ya shule, ndiye nauli ya kwenda hospitali, ndiye unga wa miezi ya njaa. Kwa hiyo mbuzi akianza kukohoa, haugui yeye peke yake. Nyumba nzima huingiwa na hofu.

Hofu hiyo humfanya mwenye mifugo akimbilie duka la dawa. Hurudi na chupa ya maji ya rangi ya manjano iliyokolea, pamoja na bomba la plastiki na sindano moja. Huwadunga mbuzi wote, kila mmoja mililita mbili, mkubwa kwa mdogo, kisha hungoja. Wengine hupona na wengine hufa. Aliyeponyesha huisifu dawa, naye aliyepoteza huilaumu. Huenda wote wawili wanakosea, maana hakuna aliyejua ugonjwa wenyewe, wala uzito wa mnyama, wala kipimo kilichostahili.

Mafunzo haya yanahusu dawa hiyo, ambayo jina lake ni oksitetrasaiklini. Ni dawa njema, na imeokoa mifugo wengi. Lakini wema wake haumo katika chupa tu. Umo pia katika akili na mkono wa mtu aishikaye.

ASILI YA DAWA HII

Imani ya watu juu ya sindano si ya jana. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Serikali katika Kenya waliwadunga watu wengi mno sindano za kutibu buba. Vidonda vilivyokaa miaka vilikauka upesi, na tangu hapo watu wengi waliiheshimu sindano kuliko dawa ya kunywa. Heshima hiyo ilikuwa na sababu, lakini ilizaa kosa moja: kudhani kwamba kudungwa ndiko kunakoponya, hata dawa iliyomo ikiwa si yake.

Oksitetrasaiklini hutokana na vijidudu vidogo sana vinavyoishi udongoni. Wataalamu wa kampuni ya Pfizer ya Marekani waliitangaza mwaka 1950, na jina lake la kwanza la biashara, Terramycin, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Ni mojawapo ya dawa ziitwazo antibiotiki, yaani dawa za kupigana na vijidudu vya namna ya bakteria.

Yafaa ifahamike jinsi inavyofanya kazi. Dawa hii haiviui vijidudu papo hapo. Huvizuia visijenge miili yao wala kuongezeka, ili mwili wa mnyama upate nafasi ya kuvimaliza. Ikiwa ndani ya damu ni chache mno, au ikikatika kabla ya wakati, vijidudu huinuka tena. Hiyo ndiyo sababu kipimo kamili ni jambo kubwa kuliko sindano yenyewe.

KWANZA UJULIKANE UGONJWA

Si kila ugonjwa huletwa na bakteria. Magonjwa mengine huletwa na virusi, na mengine huletwa na wadudu wadogo wa damu waenezwao na kupe au mbung'o. Kumpa mnyama wa namna hiyo antibiotiki peke yake ni kama kumfungia mwizi mlango wa mbele, hali yeye amekwisha ingia kwa dirisha la nyuma.

Uchukuliwe mfano wa mbuzi wanaokohoa. Kuna homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo kijidudu chake kilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1976. Mbuzi hupata homa kali, hukohoa, huvuta pumzi kwa shida, husimama miguu ya mbele ameitanua na shingo ameinyoosha, asitake kutembea. Ugonjwa huu huitikia oksitetrasaiklini, endapo itatolewa mapema.

Lakini kuna pia sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoonekana Turkana mwaka 2006 na kisha kuenea katika sehemu nyingine za Kenya. Mnyama hutokwa na machozi na makamasi mazito, hupata vidonda kinywani, huhara na kukohoa. Huu huletwa na virusi, na antibiotiki haina nguvu juu ya virusi. Daktari aweza kuitoa ili kuzuia bakteria wasiingie katika mapafu yaliyokwisha dhoofika, lakini haitauondoa ugonjwa wenyewe.

Mfugaji ana alama moja ya kumsaidia kutofautisha. Homa ya mapafu ya mbuzi huwashika mbuzi na kuwaacha kondoo walio nao zizini. Sotoka huwashika wote wawili. Basi kondoo wakiugua pamoja na mbuzi, yafaa sotoka ishukiwe upesi. Magonjwa yote mawili yana chanjo, na yote mawili yapasa kuarifiwa kwa afisa wa mifugo siku ile ile, maana zizi moja likinyamaza, kijiji kizima hulipa.

Kwa ng'ombe mambo ni hivyo hivyo. Ndigana baridi huitikia oksitetrasaiklini. Ndigana kali, inayovimbisha tezi zilizo chini ya masikio, huletwa na mdudu wa damu anayechukuliwa na kupe, na ina dawa yake nyingine. Ugonjwa wa mbung'o nao una dawa zake. Ni ajabu kwamba oksitetrasaiklini hutumika katika chanjo ya ndigana kali iliyotengenezwa na wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi: mnyama huambukizwa kwa makusudi na kudungwa dawa hii wakati ule ule, ili ugonjwa usimzidi nguvu. Lakini kuzuia siko kutibu, na ng'ombe aliyekwisha lala kwa ndigana kali hatainuliwa na dawa hiyo.

Kwa hiyo amri ya kwanza ni kumwita daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yataka kazi hiyo ifanywe na watu waliosajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwenye mifugo amwonyeshe mnyama, amweleze siku alipoanza kuugua, na dawa alizokwisha pewa. Ada ya kumwita huonekana kubwa. Lakini ni ndogo kuliko bei ya mbuzi wanne waliokufa kwa dawa isiyo yao.

UZITO NA KIPIMO

Methali yasema haba na haba hujaza kibaba. Katika akiba ya fedha ni kweli. Katika dawa ya namna hii ni hatari, maana dawa haba haimalizi vijidudu bali huvifundisha kuishi nayo.

Chupa za oksitetrasaiklini hazilingani nguvu. Nyingine ni za asilimia 5, nyingine 10, nyingine 20. Zile za asilimia 5 au 10 kwa kawaida hutolewa kila siku kwa siku kadhaa. Zile za asilimia 20 zilizotengenezwa ili zikae mwilini muda mrefu hutolewa mara moja, na nguvu yake hudumu siku tatu au nne. Sindano ya pili hutolewa tu daktari akiagiza. Atakayebadilisha chupa bila kusoma lebo atakuwa amebadilisha kipimo asijue.

Kwa dawa ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu, kipimo cha kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Basi uzito lazima ujulikane. Pasipo mizani, utepe wa fundi cherehani watosha. Mnyama asimame sawasawa. Upimwe mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele; kisha urefu, kutoka ncha ya bega hata mfupa wa kalio. Mzunguko uzidishwe kwa mzunguko, jibu lizidishwe kwa urefu, kisha ligawanywe kwa 10,800. Vipimo vikiwa vya sentimita, jibu la mwisho litakuwa karibu na uzito wa mnyama kwa kilo.

Mfano wa kwanza: mbuzi mwenye mzunguko wa sentimita 72 na urefu wa sentimita 60. Sabini na mbili mara sabini na mbili ni 5,184. Hiyo mara 60 ni 311,040. Ikigawanywa kwa 10,800 ni karibu kilo 29. Kipimo chake ni mililita 2.9.

Mfano wa pili: ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 130. Hesabu yake huleta karibu kilo 270, na kipimo chake ni mililita 27. Wako wengi ambao humdunga ng'ombe kama huyo mililita 10 kwa kuwa bomba lao ndilo lilipoishia. Huyo amepewa kidogo kupita thuluthi moja tu ya dawa yake. Fedha imetoka, mnyama ameumia kwa sindano, na ugonjwa ungali mle mle.

NAMNA YA KUDUNGA

Mnyama afungwe au ashikwe barabara, ili sindano isikatikie ndani. Mahali pafaapo ni upande wa shingo, mbele ya bega: chini ya ukano mkubwa upitao juu ya shingo, na juu ya mifupa ya shingo. Mapajani hapafai. Hapo hupita mshipa mkubwa wa fahamu, na mnyama aliyedungwa vibaya aweza kuchechemea maisha yake yote. Tena nyama ya hapo ndiyo yenye bei.

Kwa mbuzi itumike sindano ya namba 18 au 20 yenye urefu wa inchi moja au chini kidogo. Kwa ng'ombe mkubwa, namba 16 yenye urefu wa inchi moja na nusu. Namba ikizidi kuwa kubwa, sindano huwa nyembamba zaidi. Ngozi iwe safi na kavu. Kila mnyama apate sindano yake mpya, maana sindano moja ikizunguka zizi zima yaweza kuchukua ugonjwa wa damu kutoka kwa mmoja hata kwa wote. Na sindano iliyotoka katika mnyama isirudishwe ndani ya chupa kuvuta dawa nyingine.

Sindano ikiisha kuingia katika msuli, mdungaji avute kitia cha bomba nyuma kidogo. Damu ikionekana, sindano imeingia katika mshipa. Itolewe, na padungwe mahali pengine. Oksitetrasaiklini ikisukumwa kwa haraka ndani ya mshipa yaweza kumwangusha mnyama papo hapo. Damu isipoonekana, dawa isukumwe polepole. Mbuzi asipewe zaidi ya mililita 5 mahali pamoja, wala ng'ombe mkubwa zaidi ya mililita 10. Kwa hiyo mililita 27 za ng'ombe wa mfano zigawanywe mahali patatu, mililita 9 kila mahali, pande mbili za shingo.

Baada ya kudunga, mnyama aangaliwe kwa nusu saa. Akitetemeka, akivimba uso, au akihema kwa shida, daktari aitwe mara moja. Dawa mbili zisichanganywe katika bomba moja. Wala dawa ya sindano isinyweshwe mnyama acheuaye, kwani tumboni mwake mna vijidudu vyema vinavyosaga majani, navyo vitadhurika.

SIKU ZA KUNGOJA

Hapa ndipo wengi hukosa, na anayelipa kosa si mnyama bali mtoto. Dawa iliyodungwa haitoweki mnyama akiisha kupona. Hukaa katika nyama, figo, ini na maziwa, ikitoka kidogo kidogo. Siku hizo huitwa siku za kungoja, nazo huandikwa katika lebo. Kwa chupa nyingi za asilimia 20 zinazokaa muda mrefu, ni siku 28 kwa nyama na siku 7 kwa maziwa. Chupa nyingine hukataza kabisa dawa hiyo kwa mbuzi au ng'ombe ambaye maziwa yake hunywewa na watu. Lebo ya chupa iliyo mkononi ndiyo hakimu.

Hesabu huanza siku ya sindano ya mwisho. Mnyama aliyedungwa tarehe 1 Juni, kwa lebo ya namna hiyo, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa kabla ya tarehe 8 Juni, wala asichinjwe kabla ya tarehe 29 Juni. Afungwe kamba ya rangi shingoni ili watoto na wachungaji wamjue, na tarehe iandikwe katika daftari. Kichwa cha mtu husahau, karatasi haisahau.

Wako wasemao kwamba kuchemsha maziwa huondoa dawa. Moto wa jikoni hauaminiki kwa kazi hiyo. Ushahidi waweza kuonekana katika kibuyu: maziwa yenye dawa mara nyingi hukataa kuganda, kwa sababu vijidudu vyema vinavyogandisha maziwa vimezuiwa nayo. Dawa za jamii hii pia hushika katika meno na mifupa inayokua. Ndiyo sababu madaktari wa binadamu hujihadhari kuwapa watoto wadogo na mama wajawazito. Na maziwa ya ng'ombe mmoja aliyedungwa, yakimiminwa katika debe la wote, huharibu debe zima.

Mnyama aliyekufa akiwa katika siku za dawa asiliwe. Na aliyekufa ghafula, akitokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, asipasuliwe wala kuchunwa. Huenda ni kimeta, ambacho huua watu. Afisa wa mifugo aarifiwe kwanza.

VIJIDUDU VINAVYOJIFUNZA

Mwaka 1945 Alexander Fleming, daktari aliyegundua penisilini, alipopokea tuzo ya Nobel alionya kwamba dawa ikitolewa haba, vijidudu vitazoea. Maneno yake yametimia. Siku hizi kuna vijidudu vya watu na vya wanyama ambavyo havisikii tena dawa zilizoviangamiza zamani. Huo huitwa usugu wa dawa, na mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa taifa wa kupambana nao, ikiunganisha idara za afya ya binadamu na za mifugo.

Sababu ya kuziunganisha ni wazi. Kijidudu kilichozoea dawa katika zizi hakina mpaka. Huja nyumbani katika mikono ya mkamuaji, katika maziwa mabichi na katika samadi. Siku mtoto atakapougua, daktari aweza kukuta kwamba dawa imekwisha tumiwa ovyo katika mbuzi mpaka haina nguvu tena. Anayedunga kwa kukisia hatumii dawa yake tu, anatumia na ya jirani.

KUTUNZA DAWA NA KUJILINDA

Joto la Kiambere ni adui wa dawa. Lebo nyingi hutaka chupa ikae mahali pasipozidi digrii 25, pasipo na mwanga. Juu ya kabati chini ya bati si mahali pake. Katika chungu kilichofukiwa nusu katika mchanga wenye unyevu, ndani ya nyumba yenye kivuli, patakuwa na afadhali. Chupa iliyopita tarehe yake, au iliyogeuka rangi kuliko ilivyonunuliwa, isitumike. Dawa za jamii hii zilizochakaa zimewahi kudhuru figo za watu.

Sindano zilizotumika zitiwe katika mkebe mgumu wenye kifuniko, mbali na watoto. Mtu akijichoma, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, aende zahanati na chupa yenyewe. Na mtu yeyote asijidunge wala kumdunga mwenziwe dawa ya mifugo, hata kama jina lake lafanana na la hospitalini.

Mwisho, sindano bora ni ile isiyohitajika. Chanjo kwa wakati wake, kunyunyizia au kuogesha dawa ya kupe, zizi kavu, na kumtenga mbuzi mgeni kwa wiki tatu au nne kabla ya kumchanganya na wengine: hayo huokoa fedha kuliko chupa kumi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mbuzi na kondoo wa zizi moja wanakohoa pamoja. Ni ugonjwa gani ushukiwe, na kwa nini antibiotiki haitautibu?
2. Ng'ombe ana mzunguko wa sentimita 140 na urefu wa sentimita 120. Uzito wake ni kama kilo ngapi, naye astahili mililita ngapi za dawa ya asilimia 20?
3. Dawa hiyo igawanywe mahali pangapi, na kwa nini isidungwe pajani?
4. Mbuzi alidungwa tarehe 10 Agosti. Lebo yasema siku 28 kwa nyama. Mwenyewe ana arusi tarehe 30 Agosti. Je, amchinje huyo, au atafute mwingine?
5. Jirani ameomba mililita mbili za dawa iliyobaki katika chupa. Aulizwe mambo gani kabla ya kujibiwa?